Pogoa, Kwanyua, Konyoa: Vitenzi vya Mwenye Mkasi

Kitenzi kata kimechoka. Tunakata tiketi, tunakata rufaa, tunakata shauri, tunakata kiu, tunakata simu, tunakata tamaa, na mwisho wa yote tunakata roho. Umeme ukizimika, umekatika. Rafiki asiyeonekana siku nyingi, amekata mguu. Na ukiuliza Ngonga ni nini, utajibiwa ni kata, mojawapo ya kata za Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya, upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa.

Kitenzi chenye majukumu mengi namna hii hakiwezi kumwongoza mtu aliyesimama mbele ya mwaridi na panga mkononi. Mwambie kijana, “Nenda kakate lile waridi pale nje.” Atafanya mojawapo ya mambo manne. Ataleta ua la kuweka mezani. Au ataondoa vijiti vilivyokauka. Au ataupunguza mti mpaka ubaki kimo cha magoti. Au ataukata chini kabisa, kibaki kisiki. Yote manne ni kukata, na katika yote manne kijana ametii. Kama mti umekufa, mkosaji ni aliyemtuma.

Si kwamba lugha imetupunja. Vitenzi vya kazi hii vipo, vingine kamusini, vingine midomoni mwa wakulima wa kakao. Tatizo ni kwamba tumeviweka kando na kumtwika kata mzigo wote. Dai langu ni jepesi: kila mkato una kitenzi chake, na mwenye kukijua kitenzi hukosea mara chache zaidi kuliko mwenye panga kali.

Kamusi na mitaa

Kitenzi kikubwa cha kazi hii ni pogoa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, inakitambua kwa maana ya kukata matawi ya mti. Kinanyambulika bila taabu: mti hupogolewa, tawi likiwa laini hupogoleka, kazi yenyewe ni upogoaji, na chombo ni mkasi wa kupogolea. Maafisa ugani wanakitumia, na vitabu vya kilimo cha kahawa na chai vinakitumia. Huko juu Rungwe, michai hupogolewa kila baada ya miaka michache ili vichaka visipande juu ya mikono ya wachumaji.

Lakini teremka kutoka Tukuyu uje Kyela, na utasikia mengine. Mtunza bustani aliyepitia Dar es Salaam husema anatrimu. Aliyewahi kuajiriwa kwenye mashamba ya maua ya Arusha husema anapruni. Mzee mwenye kakao husema anapunguza, au anasafisha. Na kibarua wa kutwa husema anafyeka, na huyo ndiye wa kuogopwa.

Tusiyadharau maneno haya, kwani kila moja linasema msemaji anatazama wapi. Anayetrimu anatazama nje. Kutrimu ni kwa ndevu na kwa ua wa michongoma: unasawazisha ngozi ya juu, na kadiri unavyosawazisha ndivyo majani yanavyosongamana. Kwa ua wa kuzuia mbuzi, hiyo ni sifa. Kwa mwaridi ni maradhi, maana mwaridi unataka hewa ipite katikati. Anayefyeka anatazama ardhi. Kwake mmea ni kizuizi cha kuondolewa ili pabaki peupe. Anayepunguza anahesabu: yalikuwa matawi kumi, sasa ni sita, lakini hakusema yapi yaondoke na yapi yabaki. Anayepruni anajua anachofanya, ila neno lake limefungwa. Mtoto wa shule ya msingi hawezi kulifungua aone ndani mna nini.

Anayesafisha, kwa maoni yangu, ndiye aliyekaribia ukweli kuliko wote. Hakutaja chombo wala namna ya kukata, ametaja sababu: kuna kilichokufa, kuna kilichooza, kuna kilichosongamana, na vyote hivyo ni uchafu wa mti. Neno hili linaafiki mahali hapa. Msafiri Mskoti Joseph Thomson, alipofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, alisifu sana usafi wa vijiji vya huku na migomba iliyovizunguka. Kwa mtu wa Kyela, kusafisha mji na kusafisha mti ni kazi za jamaa moja.

Hata hivyo kusafisha hakutoshi, kwa sababu sehemu ya pili ya kazi ni kuondoa matawi mazima kabisa, yasiyo na doa, ili mengine yapate nafasi. Hapo ndipo pogoa inapostahili kiti chake. Pogoa ichukue jina la kazi yote. Kusafisha, kupunguza na vingine nitakavyovitaja viwe hatua zake.

Waridi lilivyokaa chupani

Kwa nini basi msamiati wa kulima waridi haukukomaa, ilhali jina lenyewe tumekuwa nalo karne nyingi? Waridi lilitufikia kutoka Kiarabu, na lilikaa chupani zaidi kuliko kitaluni. Pwani, mrashi wa maji ya waridi hutolewa kwenye harusi na maulidi, wageni wakanyunyiziwa. Huko Oman maji hayo hukenekwa Jabal Akhdar, kwenye vijiji vilivyo mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako mawaridi huchumwa asubuhi na mapema kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei. Kwa hiyo tulirithi waridi la pua na la moyo. Washairi wakaligeuza jina la mpenzi, waimbaji wa taarabu wakalichukua, wazazi wakawapa mabinti zao. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza linapogolewa vipi.

Dalili ya hilo ni kwamba wengi wetu hatutenganishi ua na mti wake. Kiswahili kina kanuni iliyo wazi: embe ni la mwembe, chungwa ni la mchungwa, karafuu ni ya mkarafuu. Basi waridi ni la mwaridi, na miwaridi ndiyo inayoota uani. Watu husema “mti wa waridi” au “waridi” tu, wengine “rozi”, na wanaelewana. Lakini kwenye kazi ya mkasi tofauti hii si pambo. “Kata waridi” ni agizo la kuchuma ua. “Pogoa mwaridi” ni agizo la kutunza mti. Kiambishi kimoja kimeondoa balaa moja kati ya yale manne ya kijana wetu.

Kwenye kakao mambo ni hayo hayo. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hutoka Kyela, na hapa watu wengi husema kokoa. Nyaraka na kamusi hupendelea kakao kwa zao na mkakao kwa mti. Sina ugomvi na kokoa. Mnunuzi analielewa na mizani inalielewa. Lakini anayefundisha kupogoa aseme mkakao, ili mwanafunzi ajue tunazungumzia shina na matawi, si punje zilizoanikwa kwenye mkeka.

Ngonga ni mahali pazuri pa kuyatazama maneno haya kwa sababu miti hii miwili inakutana mlangoni. Mikakao husogea mpaka karibu na nyumba, ikiwa kivulini mwa migomba, na mbele ya ngazi utakuta mwaridi, pengine ndani ya ndoo iliyotoboka. Mkakao uko kwao: joto, unyevu, kivuli. Mwaridi ni mgeni. Miwaridi ya biashara ya Kenya hustawi Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Nyasa hauzidi mita 500. Mvua za Kyela za Machi hadi Mei ni kubwa, na kuvu husherehekea. Madoadoa meusi yanayotokea kwenye majani ya mwaridi, yakifuatiwa na umanjano na kupukutika, ni kazi ya kuvu anayehitaji jani libaki limelowa kwa saa kadhaa. Tunda la kakao linaloanza na doa la kahawia na kuishia jeusi lote nalo huugua kwa sababu ya unyevu uliokwama. Kwa hiyo huku kupogoa si urembo. Ni tiba ya kuingiza jua na upepo ndani ya mti.

Usikate, kwanyua

Mama mmoja wa hapa Ngonga ana mwaridi mwekundu kando ya mlango wake wa mbele. Nilipita kumsalimu.

“Ndaga, mama.”

“Ndaga, mwanangu, karibu. Njoo unitazamie hili waridi. Limeacha kutoa maua, limebaki kuota majani tu.”

Niliinama. Katikati kulikuwa na mashina mawili mafupi, ya zamani, yenye gome la kijivu. Pembeni yake kulikuwa na fimbo tano ndefu za kijani kibichi, zilizonyooka, zenye miiba myembamba na majani madogo. Kila jani la mashina ya zamani lilikuwa na vijani vitano. Kwenye fimbo zile vilikuwa saba. Ilikuwa miti miwili ndani ya ndoo moja. Mwaridi wa dukani kwa kawaida hubebeshwa: jicho la aina yenye maua mazuri huwekwa juu ya shina la aina nyingine yenye mizizi migumu. Fimbo zile zilitoka chini ya kiungo, kwa yule mwenye mizizi, na zilikuwa zikimnyonya mwenziwe.

“Haya maotea nimeyakata sana,” mama akasema. “Nikikata moja, yanarudi mawili.”

“Usiyakate, mama. Yakwanyue.”

Akacheka. “Kukwanyua? Kama watoto walivyolifanya tawi la mwembe wangu? Walilining'inia mpaka likakwanyuka na gome lake.”

Hakuna kamusi ingeeleza vizuri zaidi. Kukwanyua ni kuondoa tawi au jani kwa kulivuta mpaka liachane na shina, likitoka na kisigino chake. Kwenye tawi la mwembe huo ni uharibifu. Kwenye maotea ya mwaridi ndiyo dawa, kwa sababu pale otea linapoungana na mzizi pana macho yaliyolala. Ukilikata kwa mkasi, hata ukilikata chini namna gani, umeyaacha macho hayo na kuyaamsha. Ndiyo maana moja lilirudi mawili. Tulifukua udongo kwa vidole mpaka penye kiungo, mama akafunga kitambaa mkononi kwa ajili ya miiba, akavuta kuelekea chini kwa nguvu moja. Otea likatoka na ngozi nyeupe ya mzizi. Akalitazama, akasema, “Sasa hili halirudi.”

Ningemwambia akate, ningempotosha, na angekuwa na haki ya kusema ushauri wa watu wa vitabuni haufai.

Geuka sasa upande wa pili wa uwanja, penye mikakao, na kanuni inapinduka. Mkakao hutoa maua kwenye gome la shina na la matawi makubwa, katika vinundu vidogo ambavyo huchanua tena mwaka hata mwaka. Tunda hukaa mtini miezi mitano hadi sita mpaka liive. Siku ya kuvuna, mtoto mwenye haraka hulishika tunda akalivuta au kulizungusha. Amelikwanyua, na kinundu kimeondoka nalo, pamoja na maua yote ambayo yangetokea hapo. Tunda la kakao hukatwa kwenye kikonyo chake, kwa kisu au kwa mkasi, bila kugusa gome. Uwanja mmoja, miti miwili: huku kwanyua usikate, kule kata usikwanyue. Mwenye kitenzi kimoja tu atakosea upande mmoja, hana budi.

Otea nalo ni neno la kulindwa. Kwa asili maotea ni mimea inayojiotea bila kupandwa, na wakulima wamelipanua vizuri likamaanisha pia machipukizi yanayojitokeza mahali yasipotakiwa. Kwenye mkakao ndiyo fimbo zinazopanda wima kutoka shinani. Mkakao ulioota kwa mbegu hukua kwa shina moja mpaka mita moja au zaidi, kisha ncha yake hukoma na kugawanyika matawi matatu hadi matano kwa pamoja. Vitabu vya nje vina neno lao maalumu kwa mgawanyiko huu. Sisi tunalo panda, neno lile lile la njia panda na panda ya manati. Ukisema “ondoa maotea yote yaliyo chini ya panda”, umetoa agizo kamili kwa maneno saba, na halihitaji mchoro.

Migomba, kwa upande wake, ilipata istilahi za ukoo. Katika shina moja huachwa mama, mtoto na mjukuu, wengine huondolewa. Mwenye kusikia maneno hayo matatu anajua idadi, umri na zamu ya kila mmoja. Hiyo ndiyo istilahi iliyokomaa, inayofundisha wakati inataja.

Jicho si tumba

Kanuni maarufu kuliko zote katika kupogoa mwaridi ni ile ya mahali pa kukata: nusu sentimita hivi juu ya jicho linalotazama nje, kwa mkato wa mshazari unaoteremka kulikimbia jicho, ili maji yasitiririkie hapo. Kanuni ni rahisi, lakini imeharibika sana katika tafsiri. Mfasiri mmoja huandika chipukizi, mwingine tumba, wa tatu kikonyo.

Tumba ni ua ambalo halijachanua. Liko nchani mwa tawi. Msomaji aliyeambiwa akate juu ya tumba hana pa kukata, kwa sababu juu ya tumba kuna hewa tu. Chipukizi ni kile ambacho tayari kimechipua. Kina majani machanga na kinaonekana kwa mbali. Tunachokitafuta bado hakijachipua. Ni kipele kidogo, mara nyingi chekundu, kilichojibanza kati ya jani na tawi au juu ya kovu la jani lililodondoka. Hilo ni jicho, na mkulima yeyote aliyewahi kukata pingili ya muhogo au kipande cha muwa kwa ajili ya kupanda analijua.

Jicho lina ubora ambao majina mengine hayana: linatazama. Ukisema chipukizi, lazima uongeze maelezo kuhusu upande. Jicho lina upande wake tangu mwanzo, na tawi litakwenda linakotazama. Likitazama nje, mti utafunguka katikati. Likitazama ndani, tawi jipya litaingia kati, lisuguane na wenzake, na unyevu utapata nyumba.

Kwa nini jicho lililolala huamka tawi likikatwa juu yake? Mwaka 1933 Kenneth Thimann na Folke Skoog, wakifanya kazi California, walionyesha kwenye mmea wa jamii ya maharage kwamba homoni itokayo kwenye ncha, iitwayo oksini, huyazuia macho ya chini yasikue. Kilele kikiwepo, macho hungoja. Kilele kikiondoka, macho ya karibu huamka. Ndiyo maana mwaridi uliopogolewa hujaa matawi, na ndiyo maana kukata ncha moja tu bila mpango huleta kichaka kilichosongamana pale pale juu. Wengine hupendekeza utawala wa kilele kuwa jina la jambo hili. Mimi naliunga mkono, kwa sababu mtu wa kijijini akilisikia anaelewa mara moja nani anatawala na nini hutokea akiondoka.

Kikonyo kina matatizo yake. Ni kishikizo cha ua au tunda, na pia wataalamu wa miche, kwa mfano wa mikorosho ya kusini, hukiita kikonyo kile kijiti kinachobebeshwa juu ya shina jingine. Maana zote mbili zimeota mizizi, hakuna wa kuzing'oa. Kinachotakiwa ni kuzitaja kwa ukamilifu: kikonyo cha ua, kikonyo cha kubebeshea. Na kwa jicho, tuseme jicho.

Konyoa na pukutika

Waridi likimaliza siku zake, petali hupukutika. Kitenzi hiki hakihitaji msaada, kimebeba hata sauti ya kudondoka. Lakini kichwa kinachobaki ni mtego. Kikiachwa, huvimba kuwa tunda lenye mbegu, na mti huelekeza nguvu huko badala ya kutoa maua mapya. Kwa hiyo huondolewa, na kuondoa huku si kupogoa. Ni kazi ya kila wiki, nyepesi, inayofanywa na yeyote anayepita.

Napendekeza tuiite kukonyoa. Tunakonyoa mahindi kutoka kwenye bua. Ni kuvunja kwa mkono kile kilichoshikwa na kikonyo, na sikio linazisikia konyoa na kikonyo zikiwa majirani. Kwa mwaridi wenye vikonyo vinene mkasi utahitajika, na mkato uteremke mpaka kwenye jani la kwanza lenye vijani vitano, kwani jicho lililo kwapani mwa jani hilo huwa na nguvu kuliko yale ya juu. Mgawanyo ukawa huu: maua yaliyonyauka tunayakonyoa kila wiki, maotea tunayakwanyua kila yanapotokea, na mti mzima tunaupogoa kwa msimu.

Ukoo wa -oa na -ua

Ukivipanga vitenzi hivi mstarini, sikio linashtuka. Pogoa, konyoa, ng'oa, chomoa, chopoa. Kwanyua, ambua, bandua, chambua, pukuchua. Vyote vinaishia na -oa au -ua, na vyote vinatenganisha kitu na kilipokuwa kimeshikamana. Wanasarufi wana jina la mwisho huu: kauli ya kutendua. Funga hutenduliwa na fungua, ziba na zibua, choma na chomoa. Si kila kitenzi katika orodha yangu kina mzazi wake. Hakuna anayesema poga kwa maana ya kuuvisha mti matawi. Lakini umbo limekwisha kujenga desturi, na msemaji wa Kiswahili akisikia -oa au -ua kwenye kazi ya shamba hutarajia kitu kitoke mahali pake.

Sasa tazama upande wa pili: chipua, chanua, kunjua, fumbua. Nao wana mwisho ule ule. Jicho huchipua, jani hujikunjua, tumba huchanua. Vitenzi vya mkasi na vitenzi vya ua vimevaa sare moja, na kwa mtunza bustani hilo si ajabu: unapogoa ili pachipue, unakonyoa ili pachanue tena. Mkopo kama pruni hauwezi kuingia katika mstari huu. Unafanya kazi, ndiyo, lakini unafanya peke yake, bila ndugu wa kuuelezea.

Majira ya nani?

Kuna istilahi nyingine zinazopotosha bila hata kutafsiriwa vibaya: istilahi za wakati. Vitabu vya Ulaya huagiza mwaridi upogolewe mwishoni mwa majira ya baridi, mti ukiwa umelala. Mfasiri huandika hivyo hivyo, na msomaji wa Kyela hubaki kungoja baridi isiyokuja. Mwaridi wa Ngonga haulali. Hutoa majani Januari hadi Desemba, ukidhoofishwa na mvua zaidi kuliko na baridi.

Majira yetu yana majina. Pogoa kubwa iwe mwanzoni mwa kipupwe, masika yakishaisha, kuanzia Juni. Hewa ni kavu zaidi, vidonda vya mkato hukauka upesi, na majani mapya hukuta unyevu mdogo. Isiwe kubwa kama ya Ulaya pia. Kwenye joto la huku mti ulionyang'anywa majani yote huchelewa kupata nguvu, kwa hiyo kuondoa theluthi moja kunatosha. Miwaridi ya kisasa huchanua kwenye matawi mapya, na kutoka mkato hadi ua ni wiki sita hadi nane. Anayetaka maua ya Krismasi afanye pogoa nyepesi mwishoni mwa Oktoba. Mche mchanga nao uanze kuelekezwa mapema; samaki mkunje angali mbichi.

Kwa mkakao, kalenda ni ya mavuno: pogoa baada ya mavuno makubwa, na maotea yaondolewe mwaka mzima yangali laini kiasi cha kutoka kwa kidole.

Rai

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967, lina kazi ya kusanifu istilahi, na limeifanya kwa nyanja nyingi. Lakini istilahi za bustani hazitasimama kwa kuandikwa tu. Zitasimama zikitamkwa shambani. Kwa hiyo maombi yangu ni kwa wale walio karibu na mti.

Maafisa ugani, mnapofundisha kakao hapa Kyela, msiseme “kateni matawi” mkaondoka. Semeni ondoeni maotea chini ya panda, safisheni yaliyokufa, punguzeni yaliyosongamana, vuneni kwa kukata kikonyo bila kukwanyua. Walimu wa shule za msingi, mna bustani mbele ya madarasa. Wapeni watoto vitenzi pamoja na mikasi. Wafasiri, mkikutana na jicho msiliite tumba, na mkikutana na majira ya baridi ulizeni kwanza msomaji wenu anaishi wapi.

Nawe msomaji mwenye mwaridi mlangoni, kabla hujanyanyua mkono taja kwa sauti unachotaka kufanya: kupogoa, kupunguza, kukonyoa au kukwanyua. Ukishindwa kukitaja, weka mkasi chini kwanza.